Geji ya Oili kwenye Injini ya Ford Model T: Namna ya Kuifunga Bila Kuidhuru Injini

Mali bila daftari huisha bila habari. Wazee walisema hivyo kuhusu biashara, lakini maneno hayo yanaifaa injini ya gari pia. Oili ndiyo mali ya injini, na geji ndiyo daftari lake. Asiyejua kiasi cha oili kilichomo hujua siku injini inapoanza kugonga, na siku hiyo hesabu huwa ni ya fundi.

Gari ninalolizungumzia leo lilitoka kiwandani bila daftari hilo. Ni Ford Model T, gari la kale la Kimarekani ambalo hadi leo lina wapenzi wengi duniani. Kwetu Pwani si geni kuona watu wakisimama barabarani kutazama magari makuukuu, maana mbio za East African Safari Classic zilizoanza mwaka 2003 zimetuzoesha. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kulitazama gari la kale na kulitunza. Anayelitunza lazima aelewe mambo ambayo fundi wa magari ya kisasa hajawahi kukutana nayo, na moja ya mambo hayo ni namna ya kuongeza geji ya oili mahali ambapo haikuwepo.

Nasema mapema jambo ambalo makala haya yote yanalizunguka: geji inayosema uongo ni hatari kuliko kukosa geji. Asiye na geji huwa na wasiwasi, na wasiwasi humfanya achungulie. Mwenye geji mbovu hulala usingizi.

Gari lisilo na kijiti cha oili

Model T ilianza kuuzwa Oktoba 1908 na utengenezaji wake ukakoma Mei 1927. Katika muda huo yalitengenezwa magari yapatayo milioni 15. Injini yake ina silinda nne, ujazo wa lita 2.9 na nguvu ya farasi 20. Lilikusudiwa kuwa gari la mtu wa kawaida, ambalo mkulima angeweza kulitengeneza mwenyewe kwa spana chache. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Uingereza yalizitumia Ford hizi hata huku Afrika Mashariki, kwa kuwa zilikuwa nyepesi na zilipita njia mbaya.

Ili gari liwe rahisi, vitu vingi viliachwa. Injini haina pampu ya oili. Hakuna taa wala geji ya presha mbele ya dereva, na hakuna kijiti cha kuchomoa na kufuta kwa tambara kama tulivyozoea. Badala yake, upande wa nyuma wa sampu, pale flaiwili inapozungukia, kuna koki mbili ndogo, yaani vijifereji viwili, kimoja juu ya kingine.

Kipimo kilikuwa hivi. Dereva huingia uvunguni na kufungua koki ya juu. Oili ikichuruzika, imetosha. Isipotoka, anafungua ya chini. Ikitoka hapo, ipo lakini imepungua. Isipotoka hata hapo, gari lisiendeshwe hata hatua moja mpaka liongezwe oili. Mwongozo wa Ford ulitaka oili isimame kama katikati ya koki hizo mbili, na isishuke kamwe chini ya ile ya chini. Injini tupu hujazwa takriban galoni moja ya Kimarekani, yaani lita 3.8, kupitia bomba la kujazia lililo mbele ya injini.

Sasa fikiria mtu aliyevaa nguo za harusini, mvua imenyesha, na inambidi ajilaze kwenye tope ili afungue koki mbili zinazochuruzika oili hadi kwenye mkono wa shati. Wengi waliahirisha. Walioahirisha waliziua injini zao. Ndipo wafanyabiashara wakaona nafasi. Makampuni yaliyouza vifaa kwa njia ya posta, kama Western Auto iliyoanzishwa Kansas City mwaka 1909, yalijenga biashara yao juu ya vitu ambavyo Ford hakuviweka. Geji za oili zilikuwa miongoni mwake.

Oili inavyotembea ndani

Huwezi kufunga geji vizuri bila kujua oili hufanya nini humo ndani.

Flaiwili ya Model T imefungiwa sumaku 16 zenye umbo la herufi V, ambazo huzalisha umeme wa kuwashia plagi. Sumaku hizo zinapozunguka huchota oili kutoka chini na kuirusha juu. Sehemu ya oili hiyo huangukia kwenye faneli ndogo, kisha hushuka kwa bomba jembamba hadi mbele ya injini kwenye gia za taiming. Kutoka huko hurudi nyuma taratibu, ikijaza vijibonde vilivyo chini ya konrodi. Kila krenki inapozunguka, konrodi hupiga oili iliyo kwenye kijibonde chake na kuirusha kwenye beringi, pistoni na silinda. Giaboksi nayo iko ndani ya oili hiyo hiyo.

Kwa hiyo kimo cha oili ndicho kila kitu. Gari la kisasa lenye pampu huvumilia upungufu kidogo, kwa sababu pampu hunyonya kutoka chini kabisa. Model T haina subira hiyo. Oili ikishuka, flaiwili huchota kidogo, bomba hupeleka kidogo, na silinda ya mbele ndiyo hukauka kwanza. Ukipanda mlima mrefu mambo huzidi, kwa kuwa oili yote hukimbilia nyuma.

Beringi zake ni za madini laini meupe yaliyomiminwa moja kwa moja juu ya chuma. Zikikosa oili huyeyuka. Haziuzwi kama vipande vya kununua dukani na kubadilisha jioni moja. Ni lazima zimiminwe upya na kuchongwa kwa vipimo, na mafundi wa kazi hiyo ni wachache mno.

Kuzidisha nako ni tatizo. Oili ikipita koki ya juu, injini hufuka moshi, plagi huchafuka na oili huvuja nyuma.

Aina za geji

Aina ya kwanza ni geji ya kioo. Ni bomba la kioo lililosimama wima, likiunganishwa na tundu la koki ya chini. Oili husimama ndani ya kioo kwa kimo kile kile kilichomo kwenye sampu. Mwashi yeyote wa Pwani anaijua kanuni hii: ndiyo ile ya mpira wa maji anaoutumia kusawazisha kuta mbili zilizo mbali. Maji kwenye ncha mbili za mpira husimama sawa, mradi ncha zote ziwe wazi.

Aina ya pili ni ya boya. Kipande kidogo cha kizibo huelea juu ya oili na kuinua kijiti chenye alama. Hii husomeka kwa urahisi, lakini kizibo huzeeka, hunyonya oili na kuzama. Kikizama geji husema oili imepungua ingawa haijapungua, na dereva hujaza kupita kiasi.

Aina ya tatu si geji hasa, bali ni fimbo ndefu ya kufungulia koki ukiwa umesimama kando ya gari. Haionyeshi kitu, inakuepusha tu na tope. Kwa mwenye gari asiyependa kubadilisha chochote, hii ndiyo salama zaidi.

Maelezo yanayofuata ni ya geji ya kioo, kwa sababu ndiyo iliyo rahisi kuihakiki.

Kabla ya kushika spana

Kwanza, usitoboe tundu jipya. Sampu ya Model T ni bati la chuma lililokandwa, si chuma cha kumimina. Hupinda na kupasuka kwa nguvu kidogo. Tena kumbuka zile sumaku 16: unga wa chuma unaotoka kwenye drili huvutwa na sumaku na kung'ang'ania humo, na unaweza kuharibu umeme wa injini. Tumia tundu lililopo.

Pili, angalia uzi. Koki za gari hili zina uzi wa bomba wa Kimarekani, ambao hubana kadiri unavyozidi kuingia. Maduka yetu ya hadwea huuza viungo vya bomba vya uzi wa Kiingereza, kwa kuwa ndio tuliorithi. Viwili hivi hufanana machoni lakini si ndugu. Kwa bomba la robo inchi, uzi wa Kimarekani una mizunguko 18 kwa inchi, wa Kiingereza una 19. Kwa moja ya nane ya inchi ni 27 dhidi ya 28. Hata pembe ya meno ni tofauti: digrii 60 kwa Wamarekani, 55 kwa Waingereza. Ukilazimisha kimoja ndani ya kingine kitaingia mizunguko miwili mitatu, kitajifanya kimebana, kisha kitavuja au kuharibu tundu. Chukua koki ya zamani, ipeleke kwa fundi wa mashine na umwombe alinganishe kwa kipimo cha uzi kabla ya kununua chochote.

Tatu, nunua kiungo cha njia tatu. Upande mmoja uingie kwenye tundu, wa pili ubebe geji, na wa tatu uirudishe koki ya zamani. Usiiondoe koki moja kwa moja. Huyo ndiye shahidi wako.

Kazi yenyewe

1. Egesha gari mahali palipo sawa kabisa, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Tumia pima maji ya seremala juu ya fremu.

2. Kabla ya kumwaga oili, ongeza au punguza mpaka koki ya chini iwe inadondosha tone moja moja. Hapo oili iko sawa na koki hiyo. Weka alama ya kimo hicho kwenye fremu kwa kutumia mpira wa maji. Ongeza tena hadi koki ya juu idondoshe, uweke alama ya pili. Kazi hii ni ya dakika chache lakini ndiyo msingi wa yote.

3. Mwaga oili yote kupitia nati ya chini. Injini ikiwa na joto kidogo oili hutoka na uchafu wake.

4. Safisha nje ya koki kwa brashi na mafuta ya taa. Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu na usubiri mpaka kesho yake kama imeshika. Shika kwa spana mbili, moja ikizuia na nyingine ikizungusha, ili bati lisipindike.

5. Safisha tundu. Bendi za giaboksi za gari hili zilivishwa kitambaa cha pamba, na nyuzi zake hutoka kidogo kidogo na kuelea kwenye oili. Nyuzi hizo huziba bomba la ndani, na zitaziba geji yako vile vile. Ukihitaji kusafisha uzi wa tundu kwa tepu ya kukatia, ipake grisi nzito ili takataka zinase humo zisiingie ndani.

6. Paka kiungo dawa ya kuzuia uvujaji, kidogo tu. Ukitumia utepe mweupe wa mafundi bomba, acha mzunguko wa kwanza wa uzi ukiwa mtupu, kwani vipande vyake vikikatika huingia ndani na kuziba njia.

7. Kaza kwa mkono, kisha kwa spana hadi geji isimame wima. Ikipita kidogo usiirudishe nyuma, maana uzi unaobana ukirudishwa huvuja. Ama endelea mbele ikiwa bado inakubali, ama ifungue yote na uanze upya.

8. Kati ya sampu na kioo weka vali ndogo ya kufungia. Jiwe likivunja kioo barabarani, oili yote iliyo juu ya tundu itamwagika bila wewe kujua. Dereva mwangalifu huifungua vali anapotaka kusoma, kisha huifunga anapoondoka.

9. Kizungushie kioo kinga ya shaba au chuma. Hakikisha hakigusi bomba la moshi wala fimbo za breki, na hakining'inii chini kuliko sampu yenyewe.

10. Ncha ya juu ya kioo lazima ipumue. Iache na tundu dogo lenye kifuniko cha kuzuia vumbi, au iunganishe na tundu la koki ya juu kwa kiungo kingine cha njia tatu. Ukiiziba, hewa itanaswa ndani na oili haitapanda kufikia kimo chake cha kweli.

Kuweka alama

Jaza oili polepole. Fungua koki ya chini. Inapoanza kudondosha, chora alama kwenye kinga ya kioo. Ifunge, endelea kujaza mpaka koki ya juu idondoshe, chora alama ya pili. Linganisha na zile alama za fremu ulizoziweka mwanzo. Zikikubaliana, geji yako ni mkweli. Zisipokubaliana, amini koki na utafute kosa: huenda gari limeinama, hewa imenaswa, au njia imeziba.

Baina ya alama mbili chora ya tatu, katikati. Hapo ndipo oili inapotakiwa iwe. Usiziamini alama zilizochongwa na mtengenezaji wa geji. Yeye hakuliona gari lako.

Kusoma, na kuijaribu geji

Soma injini ikiwa imezimwa, baada ya kusubiri kama dakika kumi. Injini inapozunguka, oili nyingi huwa juu, imerushwa kila mahali, na kioo kitaonyesha pungufu. Atakayeongeza wakati huo atakuwa amezidisha. Soma pia mahali palipo sawa. Kwenye mteremko wa kivuko au ukingo wa barabara uliolala upande mmoja, kioo hakisemi kweli.

Sasa jambo linalosahauliwa na wengi. Geji iliyoziba huonyesha kimo kile kile siku zote. Kwa macho inapendeza: wiki nzima oili haikupungua! Kumbe ile iliyo ndani ya kioo imekatwa na iliyo ndani ya injini. Kwa hiyo weka kijifereji kidogo chini ya kioo. Mara moja kwa wiki, vali ikiwa wazi, achia oili kidogo itoke kwenye kikombe. Kimo kwenye kioo kitashuka, kisha kikifungwa kitapanda tena hadi pale pale. Kikipanda, njia iko wazi. Kikibaki chini au kikajivuta sana, ifungue uisafishe. Wale wanaotunza boila za mvuke hujaribu vioo vyao vya maji kwa njia kama hii, kwa sababu kule pia kioo kikidanganya watu hufa.

Katika majuma ya kwanza, kila unaposoma kioo fungua na koki. Wakikubaliana mara nyingi, ndipo uanze kuiamini geji peke yake, na hata hapo umuulize shahidi mara moja moja.

Hewa ya chumvi na uasili wa gari

Gari linalokaa karibu na bahari lina adui wa ziada. Shaba ikigusana na chuma penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho huliwa, na huliwa upesi. Pale kiungo cha shaba kinapoingia kwenye bati la sampu, pafutwe na kupakwa grisi kila mwezi. Ukiona kutu inazunguka kiungo, usiongeze kukaza. Fungua, safisha, funga upya.

Kuna pia wanaouliza kama kuongeza geji ni kuliharibia gari uasili wake. Katika maonyesho ya magari ya kale, kama yale ya Concours d'Elegance yanayofanyika Nairobi, waamuzi hulitazama gari kwa jicho kali. Lakini geji ya nyongeza ni sehemu ya historia ya Model T: madereva wa enzi hizo walizinunua na kuzifunga wenyewe. La muhimu ni kwamba kila ulichofunga kiweze kufunguliwa bila kuacha jeraha. Ndiyo maana nimesisitiza tundu lililopo, bila drili, na koki za asili zibaki. Viungo ulivyovitoa vitie kwenye kopo lenye oili kidogo na uandike juu yake ni vya gari gani.

Ford wenyewe walilisikia lalamiko hili hatimaye. Model A, iliyochukua nafasi ya Model T mwishoni mwa 1927, ilitoka na pampu ya oili na kijiti cha kupimia. Kijiti hicho ndicho babu wa kile kilicho chini ya boneti ya gari lako leo, na wengi wetu hatukichomoi mpaka taa nyekundu iwake. Mwenye Model T hana taa ya kumwonya. Ana kioo, koki mbili, na mazoea yake ya kutazama kila asubuhi kabla ya kuwasha. Geji haiongezi oili hata tone moja. Anayeongeza ni mwenye gari.